Ushahidi Wangu Juu ya Mzee Maganga

Cheyo, Tabora
Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Umekwenda Kitete kumuaga shangazi yako, na wifi yangu namjua: hakuachii mpaka umekula, na ukishakula atakumbuka hadithi nyingine ya marehemu kaka yake. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za kukaa peke yangu na karatasi. Naandika kwa mkono. Miaka yote hii nimegonga mashine za ofisi mpaka vidole vinauma wakati wa mvua, lakini haya ya leo sikutaka kuyapiga chapa. Niwie radhi mwandiko.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa. Habari za chandarua, za wanaume, za upepo wa ziwani huko Mwanza, nimekwisha kukupigia kelele wiki nzima, na jana ukanijibu, "Mama, mimi si mtoto." Na ni kweli. Lakini juzi Mama Shabani alipokuja kukupongeza, akasema, "Hee! Mtoto wetu Afisa Utumishi! Si ndio wale wanaoajiri na kufukuza?" Nawe ukamjibu kwa mzaha, "Ndiyo, Mama Shabani, ole wao!" Mkacheka wote wawili. Mimi nikajifanya naangalia sufuria jikoni, na kule jikoni nikakaa chini.

Nataka kukueleza habari za Mzee Maganga. Wewe unamjua kama babu yako wa asali, Mmoraviani anayekuja kila Idd kukaa kwenye mkeka wetu kuliko hata Waislamu wenyewe, aliyekupakia kwenye baiskeli kukupeleka shule kulipokuwa na matope. Mara ngapi umeniuliza kwa nini aliacha kazi kabla ya wakati wake? Nami kila mara nimekujibu, "Alichoka." Hakuchoka, mwanangu. Alifukuzwa, na mkono mmojawapo uliomfukuza ni huu unaokuandikia.

Ulikuwa na miaka sita. Baba yako alikuwa amefariki, huo ulikuwa mwaka wa pili, na mimi nilikuwa mpiga chapa katika idara ya asali na nta ya shirika ambalo sitalitaja. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Nta ililetwa kutoka vijijini, inapimwa, inapangwa madaraja, inapakiwa kwenye behewa. Ofisi nzima ilinuka nta, hata chai yetu. Saa nne tulikuwa tunakaa kwenye ukumbi wa bohari, wote kwenye sinia moja la mihogo, na Mzee Maganga, aliyekuwa tarishi wetu, ndiye aliyekuwa akituchekesha mpaka mtu apaliwe.

Ndipo akaletwa mkuu mpya wa idara, mtu wa Pwani, Mzaramo, kijana kijana tu, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. Siku ya kwanza alitukusanya akasema, "Mimi si Bwana wala si Mheshimiwa. Hapa sote ni wafanyakazi. Niiteni Ndugu." Tulipiga makofi, wallahi, mpaka viganja vikauma. Tukamwita Ndugu Mkuu. Sikiliza hapo: mtu wa namna ile hutamtambua siku ya kwanza. Siku ya kwanza atakuwa mzuri kuliko wote.

Hakuwa mtu wa kufoka. Heri angefoka! Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayembembeleza mgonjwa. Kila asubuhi tulisimama mstari, na yule aliyekosea jana alipewa karatasi asome kosa lake mwenyewe mbele ya wenzake. "Rudia, Ndugu, hatukusikia vizuri." Unarudia. Kisha alikuwa anatuita mmoja mmoja ofisini kwake, anatuuliza habari za mwenzetu. Karani wa bohari ananisemaje? Dereva jana alikuwa wapi? Unatoka mle ndani umesema neno moja tu, dogo, lisilo na maana, na kesho yake neno lile linasomwa kwenye mstari na mtu mwingine. Haikufika miezi mitatu, sinia la mihogo likafa. Kila mtu alikula akiwa amegeukia ukuta wake.

Na mimi je? Mimi alinisifu. "Mama Zuhura, bila wewe idara hii ingelala." Meza yangu ikahamishwa karibu na mlango wake, nikapata mashine mpya na kiti cha mto. Barua zote za kumtaka mtu ajieleze kwa maandishi zilipita mikononi mwangu, na nisikufiche, nilizipenda. Yeye alikuwa akisema kwa ujumla tu, mimi ndiye niliyekuwa natafuta neno lenye makali. Akisema "amechelewa," mimi naandika "amezoea kuchelewa." Anasoma, anatabasamu, anatia sahihi. Niliona fahari, Zuhura. Mjane wa Cheyo, darasa la nane, na watu wazima wanatetemeka kwa sentensi yangu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Utani wa Mnyamwezi na Mzaramo huna haja ya kufundishwa. Siku ya msiba wa baba yako wale Wazaramo wa kule stesheni walikaa juu ya jeneza wakasema hatoki mtu hapa mpaka waletewe kuku, na mimi eda haijaanza hata siku moja nikacheka huku machozi yananimwagika. Walinisaidia kuvuka siku ile kuliko mashekhe wote. Basi ndivyo Mzee Maganga alivyomchukulia mkuu wetu tangu mwanzo: mtani kaja. Na mtani anayo ruhusa ya kukuambia lile ambalo ndugu yako hawezi.

Asubuhi moja kijana wa mizani alisomeshwa kosa lake mara nne, mpaka sauti ikamkatika akawa analia. Ndugu Mkuu akatuuliza kwa ile sauti yake, "Kuna mwenye la kusema?" Mara nikamsikia Mzee Maganga anakohoa nyuma.

"Mimi ninalo, mtani," akasema. "Babu zetu walipokuwa wakipeleka pembe kwenu Pwani, msafara ulikuwa na kirangozi. Huyo ndiye anayetangulia. Mwiba unamchoma yeye kwanza, nyoka anamkuta yeye kwanza, wenye mizigo wanafuata. Sasa ninyi Wazaramo hamjawahi kuvuka pori, nani angewafundisha? Wewe unatutanguliza sisi miibani, halafu unatuchapa kwa nyuma! Mzaramo wee, rudi kwenu ukavune nazi!"

Watu walicheka. Lo, walicheka! Kicheko cha miezi mitano kilitoka siku moja. Hata kijana wa mizani alicheka na kamasi zake. Na mimi nilicheka, mwanangu, kwa sauti.

Ndugu Mkuu hakucheka. Alingoja tukamaliza, akaingia ndani, akaniita. Akanisomea barua ya mashtaka, nikaipiga chapa: kuleta ukabila mahali pa kazi na kumkashifu kiongozi mbele ya wafanyakazi. Ukabila! Unajua neno lile lilikuwa na uzito gani miaka ile. Nchi changa, tunajenga Ujamaa, wote ndugu. Mtu akishabandikwa lile neno hakuna wa kusimama naye. Kisha akasukuma mbele yangu fomu ya shahidi.

"Sikulazimishi, Mama Zuhura," akasema. "Ila nimekumbuka, Mpanda wana shida kubwa ya mpiga chapa. Na yule mtoto wako anaendeleaje na zile homa?"

Mwaka ule wewe ulikuwa umepatwa na degedege mara mbili. Mara mbili nilikukimbiza hospitali ya Kitete mikononi, kanga imenivuka nisijue. Kule Mpanda ningekukimbiza wapi? Alijua mahali pa kushika.

Fomu ilikuwa na maswali matatu. Uliyasikia maneno haya? Nikaandika: Ndiyo. Yalisemwa mbele ya nani? Nikaandika: Wafanyakazi wote. La tatu: Kwa ufahamu wako, yalisemwa kwa nia gani?

Hapo kalamu ilisimama. Jibu lilikuwa neno moja, utani, na mtoto wa miaka sita wa Tabora angeliandika. Mimi nikaandika: Sijui. Nikatia sahihi. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba sikuandika uongo, sikumzulia mzee hata neno. Astaghfirullahi. Lile "Sijui" ndilo lililomzika.

Uamuzi ulirudi kutoka makao makuu baada ya wiki sita: astaafishwe kwa manufaa ya umma. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi michache tu afikie kustaafu. Barua ikatiwa kwenye bahasha, na kazi ya kupeleka bahasha za idara ilikuwa ya nani? Ya tarishi. Nilimpa bahasha nne asubuhi ile na kitabu chake cha kutilia sahihi, nikarudi kugonga mashine nisiinue uso. Nikasikia amesimama.

"Mama Zuhura, hii ya nne si yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Aa. Basi imefika." Akatia sahihi ya aliyepeleka, akatia na ya aliyepokea, akaniachia kitabu mezani, akaenda kwanza kuzifikisha zile tatu za watu.

Nimekaa na jambo hili miaka kumi na tano, na kwanza nilijiambia nilifanya kwa ajili yako. Usilibebe hilo hata siku moja. Nusu ilikuwa hofu ya kukupoteza, na hofu ile ilikuwa ya kweli. Nusu nyingine ilikuwa kile kiti cha mto na ule mlango. Nilikuwa nimezoea kuwa upande wa sauti ya chini. Ukishazoea upande huo, unafikiri ni akili zako zilizokufikisha.

Yule bwana naye nilimwona siku moja nikamhurumia, na bado namhurumia. Nilipeleka majalada ofisini kwake nikamkuta anapokea simu ya Dar es Salaam. Alikuwa amesimama wima kama mwanafunzi, peke yake chumbani, jasho linamtiririka. "Ndiyo mzee. Hapana mzee. Ni uzembe wangu mzee. Narudia mzee." Akarudia. Alipoweka simu akaniona, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyechapwa. Haikupita nusu saa akamwita karani wa bohari, nikasikia mlangoni maneno yale yale niliyoyasikia kwenye simu, moja baada ya jingine, akimtwika mwenzake. Nilimhurumia yeye, nikamsahau karani. Huruma yangu ilizoea kukaa karibu na kiti kikubwa. Angalia na yako.

Mwaka uliofuata Chama kilianza kusema waziwazi kwamba kiongozi asiwe mwenye kiburi wala mwonevu. Mimi ndiye niliyelipiga chapa tangazo hilo la ofisini kwetu, na yeye mwenyewe akalibandika ukutani kwa mkono wake, tazama mambo! Haukupita muda watu wa makao makuu wakaja, wakauliza, wakaandika, akashushwa cheo na kuitwa Dar es Salaam. Siku ya kuondoka nilitumwa stesheni na hati za makabidhiano azitie sahihi. Katika wale watu kumi wa idara hakuna aliyekuja kumuaga.

Mara nikasikia makelele kule mlangoni: "Mkamateni Mzaramo! Anatoroka! Kaja na sanduku moja anaondoka na mawili, kaiba asali yetu!"

Mzee Maganga. Kavaa kofia yake ile unayoijua. Akamnyang'anya sanduku, akalitwika kichwani, akatembea nalo mbele ya watu wote akiimba kama mpagazi wa zamani. "Babu yangu kabeba pembe mpaka kwenu hakupewa hata maji! Mimi nabeba nguo zako chafu, mtani, niseme asante?" Abiria wanacheka. Yule bwana naye akacheka, ndiyo mara ya kwanza kuyaona meno yake, kisha akafunika uso kwa mkono, mabega yanatikisika.

"Mtani, nilikuonea," akasema.

"Ulinionea, ndiyo, nani asiyejua? Panda treni, mwoga wee. Simba wa Itigi wanakungoja njiani."

Yakaisha. Hivyo tu, Zuhura. Mimi nimesimama nyuma ya nguzo na hati zangu. Mzee akapita mbele yangu akanisalimu kwanza yeye, "Mama Zuhura, hujambo?" Nikasema, "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Mtoto hajambo?" Akaenda zake. Na pale ndipo nilipoona nilivyobaki peke yangu. Wao wawili walikuwa na njia iliyolimwa na babu zao. Mmoja alitukana, mmoja alilia, wakamaliza. Mimi si mtani wake. Mimi Mnyamwezi kama yeye, mtu wa nyumbani kwake, na kati yetu hakuna mzaha wa kunivusha. Ilibidi niseme kwa kinywa changu, nimekosa. Na kinywa kikakataa miaka kumi na tano.

Jana nilikwenda. Nilipokuaga kwamba nakwenda sokoni, nilikwenda kwake. Nilimkuta anatengeneza mzinga, nikapiga magoti, nikasema yote, na fomu, na maswali matatu. Hakuacha kuchonga.

"Nilisoma jina lako siku ile ile," akasema. "Walinipa nakala."

"Mzee! Na miaka yote hii unatuletea asali?"

"Asali nilikuwa namletea mtoto." Akapuliza maganda ya mti. "Na wewe nilikuwa nakupa nafasi. Kila Idd nakaa kwenye mkeka wako nakunywa chai vikombe vitatu. Nani anakunywa chai vikombe vitatu, Mama Zuhura? Na jua lote lile! Ungekuwa Mzaramo ningekutukana tukaenda zetu. Sasa mwanangu wa nyumbani nitamfanyaje? Nikamngoja."

Nililia mpaka nikaona haya. Nikamwomba msamaha. Hakuniambia "nimekusamehe", alisema, "Nimekusikia," na sikuthubutu kumdai zaidi. Kisha akauliza, "Mtoto anajua?" Nikasema hajui. "Anakwenda kushika mafaili ya watu," akasema. "Mwambie." Akaendelea na mzinga wake.

Basi nimekuambia. Ushauri sina mwingi. Huko uendako utapata mkubwa wa namna ile juu yako, na siku nyingine, Mungu apishe mbali, utamkuta ndani ya nguo zako mwenyewe. Sikiliza watu wanapokula. Ofisi ambamo watu hawataniani kuna mgonjwa ndani, hata kama kuta zimepakwa chokaa jana. Na ukiletewa karatasi ya kummaliza mtu, inuka kwenye kiti umfuate alipo, umwulize yeye mwenyewe ilikuwaje, ndipo ushike kalamu. Wakikutisha na Mpanda yao, nenda Mpanda. Watu wanaishi Mpanda. Na ukiona huwezi tena, rudi hapa; nitakupokea na sitakuuliza mbele ya majirani. Ukikosea, maana utakosea, usingoje miaka kumi na tano kama mama yako. Mimi nimemnywesha mzee wa watu chai nyingi mno.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho, uko dirishani, treni inaanza kusogea. Ndivyo wazazi wengi wanavyofanya, na ningelia vizuri tu nikarudi nyumbani. Kisha nikajishtukia: huo ni woga wangu ule ule, kumwambia mtu jambo mahali ambapo hawezi kunijibu. Kwa hiyo nitakupa leo ukirudi, kabla ya chakula. Isome chumbani kwako. Mimi nitakuwa uani. Ukimaliza, njoo. Kama una hasira, njoo nayo, usiiache kitandani. Kama hutaki kuniita mama leo, nitavumilia. Treni ni kesho; bado tuko nyumba moja, na lolote utakaloniuliza nitakujibu nikikutazama usoni.

Ni mimi mama yako,
Mwamvua